Uzi: Umefika Iringa peke yako, utampata wapi mwenzako wa kuzunguka naye?

#1 Mlulu Mbichi

Habari wadau. Swali la "naenda Iringa peke yangu, nitapata mtu wa kutembea naye?" limeulizwa kwenye nyuzi nyingi na majibu yametawanyika. Tuyaweke hapa. Anayejua zaidi aongeze, palipokosewa parekebishwe.

Kwanza mji ulivyokaa. Iringa mjini iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu ya Dar–Mbeya inapita chini bondeni, Ipogolo, jirani na Ruaha Mdogo. Basi la mkoani halikupeleki mjini. Linakuacha stendi ya Igumbilo au Ipogolo, kisha unapanda daladala au bajaji kwenda juu. Ukiwa juu, mambo ya sanaa na ufundi hayajatapakaa sana: Soko Kuu na wauza vikapu, Boma la Mjerumani, Neema Crafts, halafu mtaa wa Gangilonga na jiwe lake.

Sasa wenzako. Iringa si Zanzibar. Wasafiri wa peke yao ni wachache na wengi wanapita tu kuelekea Hifadhi ya Ruaha au Mbeya, kwa hiyo ukizurura barabarani ukitegemea kugongana nao utamaliza siku mbili hujamwona mtu. Kaa pale ambapo mtu analazimika kutulia saa nzima. Mahali pa namna hiyo ni mkahawa wa Neema, kwa mama anayesuka kikapu, Boma mchana, na mapokezi ya gesti usiku kabla watu hawajaenda mbugani. Penye shughuli ya mikono mazungumzo yanaanza yenyewe.

Neema ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na vijana viziwi wachache waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna ufumaji, shanga, ushonaji, mkahawa wenye wahudumu viziwi na vyumba vya kulala wageni. Nenda kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, siku ya kazi, uombe kuzungushwa karakana. Wageni huunganishwa kwenye mzunguko mmoja, kwa hiyo ukikuta watu wawili wanasubiri, subiri nao. Jumapili usiipangie ratiba.

Boma lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Lipitie mapema kabla ya kwenda kwingine, maana ukishajua vita vya Lugalo 1891 na Kalenga 1894, na kifo cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe, 1898, utakuwa na la kusema mezani.

#2 Sweta la Julai

Asante mkuu. Hapo kwenye mkahawa, mtu ambaye hajui lugha ya alama anaagizaje? Wengine tunaona aibu tunaishia kunyoosha kidole kwenye menyu.

#3 Mlulu Mbichi

Unaandika. Ila andika kifupi. Lugha ya alama ina mpangilio wake wa maneno, tofauti na Kiswahili tunachozungumza, na sentensi ndefu yenye "naomba kama inawezekana mnitengenezee" inamchosha msomaji bure. Andika hivi: *chai maziwa 1, sukari hapana, keki 1*. Imekwisha.

Mambo mengine madogo yanayoharibu: kupaza sauti (haisaidii kitu, na unakunja uso kama umekasirika), kuzungumza huku umegeukia dirishani, kumvuta mtu nguo kwa nyuma. Punga mkono ndani ya upeo wa macho yake, subiri akuangalie, ndiyo uonyeshe karatasi. Na neno ni kiziwi. "Bubu" liache nyumbani.

Kuhusu kukutana na wenzako: anayefika mara ya kwanza huwa anakwama hapo hapo kwenye kuagiza, anatazama meza ya jirani. Ukiwa wewe ndiye jirani, msaidie. Hakuna haja ya kutafuta maneno ya kujitambulisha.

Karakana ya karatasi ndiyo inayofungua watu midomo. Tembo hasagi chakula chake vizuri, kinyesi kinabaki na nyuzi nyingi za majani. Kinaoshwa, kinachemshwa, nyuzi zinapondwa na kuchanganywa na karatasi kuukuu, rojo linatandazwa kwenye fremu yenye wavu, linakamuliwa maji na kuanikwa. Kila mgeni atanusa ile karatasi, hata anayejifanya hajali. Haina harufu.

#4 Kitako Hakitikisiki

Mimi naongezea vikapu, maana naona watu wananunua tu na kuondoka.

Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, nyasi ndefu za maeneo yenye unyevu, na wasukaji wengi ni akina mama wa vijijini. Ukitaka kukaa na wageni wenzako kwa saa mbili, chukueni somo moja watu wawili au watatu kwa mama mmoja. Namna ya kulipata: mnunulie kwanza kitu kidogo, salimia vizuri ("kamwene" inatosha kuanzia, wataitikia wakicheka), halafu muulize kama ana nafasi ya kuwaonyesha kusuka kitako. Sema kitako, usiseme kikapu. Kikapu kizima hakimaliziki kwa siku moja kwa mkono usiozoea, na ukiomba kikapu atakukadiria bei ya siku tatu.

Pataneni malipo ya muda wake kabla hajaanza, mbali na bei ya bidhaa. Siku ya mnada au asubuhi yenye wateja wengi msimsumbue. Alasiri, saa 8 hadi 10, ndipo biashara hupoa.

Wanafunzi wengi wanakosea unyevu. Mlulu mkavu ukiukunja unakatika, kwa hiyo unalainishwa kwa maji kwanza. Ukilowana kupita kiasi, unasuka vizuri ukiwa pale, lakini ukikauka unasinyaa na kitako kinaacha mianya. Uwe na unyevu wa kukunjika bila kulia. Kosa la pili ni kuvuta kwa nguvu raundi za mwanzo: kitako kinajikunja kama bakuli na ukikiweka mezani kinayumba.

Hicho ndicho kipimo cha kununulia pia. Weka kikapu juu ya kitu bapa, gusa ukingo. Kikitikisika, rudisha. Halafu sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Rangi ikitoka, itahamia kwenye nguo zako. Ukishanunua usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kikiwa kibichi, kitaota ukungu kabla hujafika Dar.

#5 Bajaji ya Ipogolo

Isimila, kwenye korongo la zana za mawe za kale, pia ni mahali pazuri pa kwenda na watu mliokutana asubuhi. Kilomita kama 20, barabara ya Mbeya. Chukueni bajaji watatu, mnagawana, rahisi.

#6 Kona ya Kitonga

Mkuu hapo kwenye bajaji napinga. Mjini sawa, Gangilonga sawa. Kilomita 20 kwenye barabara ya Tanzam, na malori ya Zambia na Kongo yanakupita kwa upepo ule, bajaji yenye watu watatu na dereva si chombo cha kutegemea. Chukueni gari ndogo, mpatane kwenda, kusubiri na kurudi. Tamka neno "kusubiri". Msipolitaja, dereva anawashusha, anarudi mjini kutafuta abiria, nyie mnabaki korongoni.

Wasio na haraka wapande gari za Ifunda au Mafinga, wamwambie konda awashushe kibao cha Isimila, kisha watembee kilomita kama mbili kuingia ndani. Shida iko kwenye kurudi: basi kubwa haisimami pale, mnangoja Kosta, na jioni zinapita zimejaa. Mwisho wa kutoka ndani uwe saa 10 alasiri.

Kuna makumbusho madogo, mwongozaji, sehemu ya zana za mawe, na korongo la nguzo za udongo. Zana zilionekana mwaka 1951, uchimbaji mkubwa ukafuata 1957 na 1958. Ukisimama pale ukaona mashoka ya mkono yamelala chini yalivyo, usiokote hata kipande. Chini korongoni hakuna upepo, kuanzia saa 5 asubuhi jua linapiga mchanga na kurudi usoni. Maji lita moja na nusu kwa kichwa, viatu vya kufunika vidole.

#7 Bajaji ya Ipogolo

Kwenye malori umenishinda. Nakubali, bajaji iishie mjini.

#8 Mbung'o Hapendi Nyeupe

Naona tunazunguka mji, ila ukweli ni kwamba asilimia kubwa ya wageni wanaotafutana Iringa wanatafutana kwa sababu ya gari la Ruaha. Tuliweke sawa.

Gharama za Ruaha ni za aina mbili, na watu hugombana kwa kutozitenganisha. Kuna zinazogawanyika: gari, mafuta, dereva, kiingilio cha gari. Kuna zisizogawanyika: kiingilio cha mtu, kitanda, chakula. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini sana kuliko cha mgeni wa nje, na kila mtu analipa cha kwake. Mtanzania akichanganywa kwenye "jumla tugawane sawa" anamlipia Mjerumani bila kujua. Uwe na kitambulisho cha taifa mkononi, getini wanataka kukiona.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei halisi: gari na mafuta 300,000. Mtu mmoja, 300,000. Wawili, 150,000 kila mmoja. Watatu, 100,000. Wanne, 75,000. Watano, 60,000. Kutoka mmoja kwenda wawili umeokoa 150,000. Kutoka wanne kwenda watano umeokoa 15,000, na kuna mtu amekosa dirisha siku nzima. Ndiyo maana wanne ni kikomo kizuri, watatu ni raha.

Kinachovunja safari ni mtu kujitoa usiku wa mwisho. Dawa yake: kila mmoja atoe kishika uchumba, nusu ya mgawo wake, kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, kiende moja kwa moja kwa mwenye gari kwa lipa namba, si mfukoni kwa mmoja wenu. Aliyejitoa baada ya hapo hapati kitu. Liseme mapema, tena mbele ya wote.

Kutoka mjini hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Mkitaka kwenda na kurudi siku moja, tokeni saa 11 alfajiri, na bado mtatumia muda mwingi barabarani kuliko mbugani. Bora mlale Tungamalenga, kijiji kilicho nje ya hifadhi, muingie asubuhi. Kuna gari za abiria za kwenda Tungamalenga pia, kwa hiyo aliyekosa kundi mjini anaweza kutangulia na kulipata kule. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrolo namba au kadi. Ulizieni mtandao haujakata kabla hamjatoka mjini, maana getini ukikata mnakaa.

Juni hadi Oktoba wanyama wanasogea mtoni kwa kukosa maji kwingine, ndipo na wasafiri wanaongezeka na kundi hupatikana kwa siku moja au mbili. Machi na Aprili unaweza kusubiri wiki. Nguo nyeusi na za bluu nzito ziache begini, zinaita mbung'o.

Nyongeza: Kalenga ipo njia hiyo hiyo, kama kilomita 15 tu kutoka mjini. Fuvu la Mkwawa liko pale tangu liliporudishwa mwaka 1954. Mwambieni dereva wakati wa kupatana bei. Mkimwambia mkiwa njiani, inakuwa "nyongeza".

#9 Sweta la Julai

Na kwa dada anayesafiri peke yake? Gangilonga nimesoma watu wanaporwa.

#10 Kona ya Kitonga

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linalozungumza. Ukiwa juu unauona mji wote, na wageni hupanda kwa ajili ya jua kuzama. Tatizo liko hapo hapo kwenye jua kuzama: njia ni ya vichaka, giza linaingia haraka, na anayekusubiri anajua una simu mkononi. Kanuni ni tatu au zaidi, mmoja awe mwenyeji, mpande saa 10 na nusu, muwe mnashuka saa 12 kamili. Jua lenyewe huzama kati ya saa 12:25 na saa 1:05 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo ndiyo, mwisho wa machweo mtaukosa. Utazameni mkiwa chini mtaani. Picha za mji kwa kweli ni nzuri zaidi asubuhi, jua likiwa mgongoni, na njia ina wapita njia.

Kwa dada: uliyekutana naye leo asijue gesti yako wala namba ya chumba. Kutaneni Boma au Soko Kuu, na kuagana iwe hapo hapo. Mwachie wa mapokezi jina la mnakoenda na saa ya kurudi; gesti za makanisa zinafaa kwa hilo, wanafuatilia kweli, ingawa geti hufungwa mapema na bia hakuna. Uliza saa ya geti kabla hujalipa.

Na hakuna ubaya kukataa kampani. "Leo nina ratiba yangu, tutaonana" inatosha, usieleze zaidi.

#11 Kitako Hakitikisiki

Ongezeni saa! Hili linapoteza makundi kuliko wizi. Mgeni akisikia "tukutane saa mbili" anakuja saa nane mchana. Ukimwambia "eight" wewe mwenyewe unajikuta unamwambia dereva "saa nane". Andika kwenye simu yako yote mawili, hivi: *saa 2 asubuhi = 08:00*, mwonyeshe, apige picha. Tiketi ya basi nayo iangalieni imeandikwa kwa saa ipi.

#12 Mpita Njia Uyole

Wanaoendelea Mbeya, ni kama kilomita 330 na ushee kutoka Iringa, tengeni siku nzima kwa sababu ya malori na vituo vya ukaguzi. Mbeya wasafiri hawana sehemu moja ya kukusanyika kama Neema. Mnawapata kwa matukio: treni ya TAZARA ikifika (kama inatembea, na inafika inapotaka), au asubuhi Uyole, njia panda ya Tukuyu, wanapotafuta gari.

Ziwa Ngozi ndilo linalofaa watu wasiofahamiana, maana mwongozaji analipwa kwa kundi na kupanda peke yako hakushauriwi. Njia ni ya msitu, inateleza, mvua ikinyesha mizizi inakuwa kama sabuni. Mkifika juu mnaweza kukuta ukungu tu, ziwa halionekani. Subirini nusu saa, huwa unafunguka. Anayeteremka hadi majini ajue kupanda ndiyo kazi.

Mimi ningewaambia watu: unganeni Iringa, mje Mbeya mkiwa tayari wawili au watatu. Kutafutana Mbeya ni kubahatisha.

#13 Sweta la Julai

Swali la mwisho. Ulanzi, pombe ya mianzi? Kila mgeni anauliza.

#14 Mlulu Mbichi

Msimu wake ni wa mvua, kiangazi usiudai. Ule uliogemwa leo ni mtogwa, mtamu, karibu uji wa sukari. Ukikaa siku mbili tatu unakuwa mkangafu na huo haucheki na mtu. Mgeni hutangulizwa kwa mtogwa, akasifia, akaongezwa, kumbe jagi la pili ni la juzi. Uliza umegemwa lini kabla ya kila jagi, na kama mna gari la saa 11 alfajiri, ahirisheni hadi mrudi.

Na sweta, kama jina lako linavyosema. Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli na gesti nyingi zina blanketi moja. Omba la pili mchana, usiku mwenye ufunguo wa stoo ameshalala.

#15 Bajaji ya Ipogolo

Wanaoshuka usiku Igumbilo: barabara ya mlima Kitonga, mkitokea Dar, ikiziba kwa lori lililoharibika, basi la saa 10 jioni linaingia saa 4 usiku. Daladala hakuna muda huo. Kaeni ndani ya stendi penye taa, angalieni nani mwingine ana begi mgongoni na anakwenda juu mjini, mpande bajaji moja. Nauli ulizieni kwa gari zima, si kwa kichwa.